Nani ataliunda gari la Garsen?

*Waitaliano waliwahi kuleta Kenya gari lililoundwa kwa mamia tu, barabara zetu zikalinyima ushindi. Wakenya nao wameunda yao, machache kuliko hayo. Kwenye njia za udongo za Tana River, watu bado wanangoja gari la kuwafaa.*

Mzigo ulikuwa maembe. Magunia manane ya ngowe yalikuwa yameshindiliwa ndani ya Probox nyeupe hadi dereva akabaki na nafasi ya kugeuzia usukani tu. Gari lenyewe lilikuwa limeinamia upande wa kulia, kwenye njia ya udongo inayotoka mashambani kuelekea Idsowe, si mbali na mji wa Garsen. Gurudumu moja la mbele lilizunguka kwa kasi na kurusha tope hadi kwenye migomba. La pili lilitulia tuli, kana kwamba si la gari hilo.

Vuli ilikuwa imenyesha usiku mmoja tu. Udongo wa huku ni mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono mzima, na mvua ikiugusa hugeuka gundi. Mchanga humeza gari; udongo huu hulishika.

Fundi alifika kwa bodaboda, kigunia cha vyuma begani. Hakuuliza kilichotokea. "Zima kwanza, kijana wangu," alimwambia dereva, "unalichimbia kaburi." Akachuchumaa, akatoa upepo kwenye matairi ya mbele hadi yakatanda chini kama chapati. Kisha akaingia kichakani na panga, akarudi na makuti ya mkoma. Mathenge yalikuwa karibu zaidi, lakini hakuyagusa: miiba yake hutoboa matairi.

Ilichukua dakika arobaini na watu sita. Probox ikatoka, ikasimama kwenye nyasi, na chini yake kitu kikagonga. Fundi alilala chali kwenye maji, akaangaza tochi ya simu, akasema bushi ya mkono wa chini imechanika. Dereva akashika kiuno, akatazama maembe yake na jua lililokuwa likipanda.

Nilikuwa nimetumwa kuandika kuhusu magari yanayoundwa kwa idadi ndogo, na kwa nini Kenya imejaribu mara kadhaa kuunda lake bila kufika mbali. Ningeweza kuanzia Nairobi, kwenye karakana na ofisi. Nikaamua kuanzia hapa, kwa sababu gari tuliloahidiwa lilisemekana ni la watu kama dereva huyu.

Waitaliano na gari la mshale

Ukisafiri kutoka Malindi kuja Garsen, unapita njia panda za kwenda Ngomeni, kwenye ghuba ya Ungwana. Huko ndiko Waitaliano walikosimamisha majukwaa ya San Marco baharini na kurusha satelaiti. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 na ikapewa jina Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu. Ni kazi ya wahandisi wachache, kwa chombo cha aina yake, mahali ambapo hakuna aliyetarajia.

Mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya magari ya Turin, kampuni ya usanifu ya Bertone ilionyesha gari fupi lililochongoka kama mshale. Msanifu wake alikuwa Marcello Gandini, yule yule aliyechora Lamborghini Miura na baadaye Countach. Kutokana na wazo hilo, kampuni ya Lancia ilipata Stratos.

Stratos haikuundwa ili ipendeze sebuleni. Iliundwa ili ishinde mashindano ya mbio, na kila kipimo chake kilitokana na shabaha hiyo. Uzito wake haukufika tani moja. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa meta 2.18 pekee, ili gari ligeuke kwenye kona kama mbuzi. Injini, ya lita 2.4 na silinda sita, ilitoka Ferrari, ile iliyokuwa ndani ya gari aina ya Dino. Ilikaa nyuma ya dereva, karibu na magurudumu yanayosukuma, ili uzito uyakandamize ardhini. Milango yake ilikuwa na mifuko mikubwa ya kuwekea kofia za chuma za dereva na msaidizi wake.

Sheria za mbio wakati huo zilimtaka mtengenezaji aunde magari 500 ya aina hiyo kabla ya kuruhusiwa kushindana, kisha zikalegezwa hadi 400. Kwa hesabu inayokubalika na wengi, Stratos ziliishia 492. Uchache huo ulipangwa tangu mwanzo: Lancia ilihitaji kibali cha kushindana, na idadi hiyo ilitosha.

Ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976, miaka mitatu mfululizo. Safari Rally ya Kenya, lakini, haikuipata hata mara moja.

> Gari lililoundwa mara 492 lilishindwa na gari lililoundwa mara zaidi ya milioni tatu.

Mwaka 1974 Lancia ilikuwa bado inakuja na gari lake la zamani, Fulvia, na dereva wake Sandro Munari akamaliza wa tatu nyuma ya Joginder Singh wetu na Mitsubishi Lancer yake. Mwaka 1975 wakaleta Stratos. Waliiinua, wakaikinga tumbo, wakaifunga mataa ya ziada. Munari alikuwa wa pili, akiwa na Lofty Drews kama msomaji wa ramani. Björn Waldegård, naye kwenye Stratos, alikuwa wa tatu. Aliyewashinda wote wawili ni Ove Andersson, akiendesha Peugeot 504.

Naomba msomaji atulie kidogo kwenye tokeo hilo. Peugeot 504 ndilo gari ambalo wazee wetu walilijua kama teksi, kama pikapu ya kabichi, kama gari la mwalimu mkuu. Liliundwa zaidi ya milioni tatu duniani, na hapa Kenya liliunganishwa pia. Kila mji kwenye njia ya mbio hizo ulikuwa na mtu aliyejua kulifungua.

Mwaka uliofuata Joginder Singh alishinda tena na Lancer, na nafasi ya pili na ya tatu zikaenda kwa Lancer nyingine. Mwaka 1977 Munari na Stratos walirudi wakapata nafasi ya tatu. Hapo ndipo ilipofikia.

Mshale ukawekwa kando

Lancia haikukata tamaa na Kenya, na nadhani sehemu hii ndiyo yenye mafunzo mengi kwetu. Iliposhinda Safari hatimaye, mwaka 1988, ilishinda kwa Lancia Delta Integrale iliyoendeshwa na Miki Biasion. Delta lilikuwa gari la milango mitano, la kupeleka watoto shule. Sheria mpya za mbio zilidai magari 5,000, mara kumi ya yale ya Stratos, kwa hiyo wahandisi hawakuweza tena kuanza na ndoto. Walianza na gari la mtu wa kawaida, wakalipa nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne.

Biasion alishinda tena mwaka 1989. Juha Kankkunen akashinda mwaka 1991, na Delta vilevile.

Nikiwa nimesimama karibu na Probox ile, nilijaribu kulinganisha. Uzito wa Probox isiyo na mzigo haupishani sana na wa Stratos, karibu tani moja. Mwili wake ni mrefu zaidi: kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna meta 2.55. Nguvu ya injini yake ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Mwitaliano. Na mafundi wa Garsen, kama wenzao wa Malindi na Hola, wameifanyia kile kile wahandisi wa Turin walichoifanyia Stratos ije Kenya. Wameiinua. Huweka spesa juu ya springi, huongeza ugumu nyuma, hufunga kinga ya chuma chini ya sampu ya oili. Hakuna mchoro wala kompyuta. Mtu hupima kwa kiganja nafasi iliyo kati ya tairi na bodi, akajua.

Kazi hii haina jina katika vitabu vya viwanda vyetu. Mimi naiita uhandisi.

Pioneer: magari matano

Wazo la gari la Kenya lilitangazwa mwaka 1986, Rais Daniel arap Moi alipokitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama litakuwa na sura mbaya au mwendo wa pole. Wahandisi wa chuo walishirikiana na Kenya Polytechnic, karakana za Shirika la Reli na mafundi wa jeshi. Walitoa magari matano ya majaribio, yakaitwa Nyayo Pioneer. Yalifikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa.

Yalizinduliwa Kasarani mwezi Februari 1990, na shirika la Nyayo Motor Corporation likaundwa ili liyazalishe kwa wingi. Wingi haukuja, kwa kukosa fedha. Mitambo na mafundi wa mradi huo waliishia kwenye taasisi iliyoitwa Numerical Machining Complex, inayochonga vipuri vya viwanda.

Watu hulicheka gari hilo hadi leo, na kicheko hicho hunikera. Vijana wa chuo walichukua karatasi tupu wakapata injini inayowaka na usukani unaogeuka ndani ya miaka minne. Waliokosekana ni wale wa kuja baada yao: wa kulipia mashine za kupiga bodi, wa kuahidi kununua magari elfu ya kwanza, wa kuhifadhi vipuri Garsen, Lodwar na Busia.

Majirani walipita njia hiyohiyo. Tanzania ilikuwa na lori la Nyumbu, kazi ya mafundi wa jeshi kule Kibaha. Uganda ilitoa Kiira EV kutoka Makerere mwaka 2011, kisha basi la Kayoola linalotumia nguvu za jua, na leo ina kiwanda cha mabasi Jinja. Uganda imesonga mbele zaidi kwa sababu serikali haikuondoka mezani baada ya picha kupigwa.

Wazo lililozaliwa pwani

Mwaka 2009, Mwingereza kijana aitwaye Joel Jackson alikuwa pwani ya Kenya akifanya kazi na shirika lililowasaidia wakulima wadogo kupanda miti. Shida aliyoiona ndiyo tunayoiona hapa Idsowe: barabara mbovu, na magari yaliyoundwa kwa ajili ya barabara za watu wengine. Akaanzisha kampuni ya Mobius.

Gari lake la kwanza kuuzwa, Mobius II, lilikuwa na akili nyingi ndani ya umbo la sanduku. Mifupa yake ilikuwa mabomba ya chuma yaliyokunjwa na kuchomelewa. Watu wanane waliweza kukaa. Halikuwa na kiyoyozi. Lilikaa juu, na paa lake lilifungwa fremu ya mizigo. Bei ilikuwa shilingi 950,000.

Mabomba yale yana hesabu yake. Ukitaka kupiga bodi ya gari kwa bati, unahitaji kalibu za chuma na mashine kubwa za kukandamiza. Gharama ya kalibu haibadiliki, utoe milango 50 au 50,000. Anayeunda magari mengi huigawa gharama hiyo mpaka isahaulike. Anayeunda machache humezwa nayo. Mobius ilikwepa mtego huo kwa kutumia mabomba, ambayo fundi mwenye kipimo na kichomeleo anaweza kuyaunga.

Stratos ilikwepa mtego uleule kwa njia yake: sehemu kubwa ya bodi yake ilikuwa faibaglasi, ambayo kalibu yake ni ya bei nafuu. Na kama Lancia ilivyochukua injini ya Ferrari, Mobius nayo ilinunua injini iliyokwisha kuundwa na wengine. Kwa mkono wa fundi, magari haya mawili ni ndugu.

Yanatofautiana kwa mnunuzi. Anayenunua gari la kifahari la Italia huongeza fedha kwa sababu ni machache. Uchache wenyewe ndio bidhaa. Mkulima wa Tana River akinunua gari lililo machache, uchache humgeukia adhabu: vipuri haviko, fundi halijui, na siku ya kuliuza hapati wa kulitaka. Tena, nyuma ya Stratos ilisimama Fiat, iliyokuwa imeinunua Lancia mwaka 1969. Nyuma ya Mobius walisimama wawekezaji wanaohesabu miezi.

> Kwa tajiri, uchache ndio bidhaa. Kwa mkulima, uchache ni adhabu.

Toleo la pili la Mobius II lilipanda hadi shilingi milioni 1.3. Mwaka 2021 ikatangazwa Mobius III, gari zuri, lenye starehe, kwa karibu shilingi milioni 4. Nililitazama kwa fahari na kwa huzuni pamoja. Gari lilikuwa limekua, na kila lilipokua lilimwacha nyuma yule liliyemkusudia.

Agosti 2024 kampuni ilitangaza kwamba inafungwa, ikilalamikia madeni na kodi. Siku chache baadaye ikasema imepata mnunuzi.

Gurudumu lisilo na kazi

Turudi kwenye lile gurudumu lililotulia. Kati ya magurudumu mawili yanayosukuma gari kuna difu. Kazi yake ni kuyaruhusu yazunguke kwa mwendo tofauti gari linapokata kona, maana gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kwenye lami ni baraka. Kwenye tope huwa mateso, kwa sababu gurudumu linaloteleza ndilo linaloweka kipimo. Likikosa pa kushika, mwenzake naye hapati nguvu ya maana, hata akiwa amesimama pakavu.

Kuna dawa mbili. Moja ni kuifunga difu, magurudumu yazunguke pamoja yatake yasitake. Nyingine ni kupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Delta Integrale ilikuwa na nguvu kwenye manne, na difu yake ya nyuma ilijua kuhamishia nguvu kwa gurudumu linaloshika.

Mobius II ilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Naelewa sababu. Kupeleka nguvu mbele kunataka giaboksi ya pili, difu ya pili na shafti, na kila kimoja kinapandisha bei na uzito. Kwa njia kavu ya changarawe, gari lililo juu na gumu linatosha. Kwa udongo mweusi wa hapa wakati wa masika, huo ulikuwa uhandisi wa nusu safari. Nasema hivi nikiwaheshimu waliolichora, kwani waliniridhisha kwa mengine yote.

Wanaosema lami kwanza

Si wote wanaoona gari kuwa ndilo suala. Nimezungumza na wafanyabiashara wa Minjila, na wengi wao husema fedha zozote za kuunda gari ziwekwe kwenye barabara. Weka lami, wanasema, na Probox itafika popote. Ni hoja nzito, na wanayo ithibati: tangu barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu iwekwe lami, safari ya siku nzima imekuwa ya saa chache.

Lakini lami ni mstari mmoja, na delta ya mto Tana ni pana. Mashamba yako ndani, ng'ombe wa Waorma wako ndani zaidi, na vijiji vya Wapokomo vimefuata mto tangu zamani kwa sababu mto ndio unaolisha.

Na lami yenyewe huzama. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipojaza Tana, maji yaliifunika barabara ya Lamu pale Gamba na Lango la Simba. Mabasi na malori yakapanga foleni ya siku nyingi. Aprili 2024, kaskazini mwa kaunti, barabara ilikatika upande wa Madogo na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Mashua moja ilizama Kona Punda, na watu wakafa maji. Wazee wanakumbuka El Niño ya 1997, iliyosomba mradi mkubwa wa mpunga wa delta.

Wapo pia wanaosema tuyaache magari yaliyotumika kutoka Japani yatuhudumie, kwani yanatosha. Sheria inaruhusu yasiyozidi umri wa miaka minane, na bandari ya Mombasa huyapokea kila wiki. Sina ugomvi nao. Ila magari hayo yaliundwa kwa ajili ya kupeleka vifurushi kwenye barabara laini za Japani, na kila moja likifika huku lazima lichanwe na kuundwa upya chini ya mwembe, kwa gharama ya mwenye gari. Hiyo ni kodi ya barabara mbovu isiyoandikwa kwenye risiti yoyote.

Serikali nayo ina upande wake. Inahitaji ushuru wa magari, na haiwezi kumsamehe kila anayejiita kiwanda. Waundaji wanajibu kwamba mtoto hatozwi kodi kabla hajatembea. Mimi nadhani msamaha wa kodi peke yake hautoshi. Taasisi za umma zinanunua magari kila mwaka: ya kilimo, ya chanjo, ya polisi wa nyanjani. Oda moja ya kuaminika, ya miaka mitano, ingeisaidia karakana ya Kenya kuliko sherehe kumi za uzinduzi.

Hesabu ya embe, na ya mtu

Ngowe likishaiva halingoji. Dereva wa Probox alikuwa na miadi na mnunuzi aliyekuja na lori kutoka Malindi, na lori halikai barabarani kumngoja mtu aliyekwama. Embe likikosa lori la leo, kesho lina madoa na bei ya nusu, na keshokutwa ni la mbuzi. Msimu ukiwa mbaya, unaona maembe yameoza chini ya miti kando ya mto, nyuki wamejaa, na watoto wa mwenye shamba wamerudishwa nyumbani kwa karo.

Kuna hesabu nyingine, ambayo siwezi kuiandika bila kukunja uso. Miaka mingi iliyopita shangazi yangu, upande wa mama, alishikwa na uchungu usiku wa masika. Gari la hospitali lilifika mwisho wa changarawe likasimama hapo, halikuweza zaidi. Wanaume wakaenda kuamsha mwenye trekta. Alijifungulia kwenye trela, juu ya godoro, huku mvua ikinyesha na mtu akimshikia turubai. Mtoto alipona, leo ni mwanamke mzima, na nyumbani tunamwita Mwanatrela. Jina hilo tunalitamka kwa mapenzi, ila mama yake hadi anafariki hakupenda kulisikia.

Kwa hiyo ninaposikia gari la njia mbovu likijadiliwa kama jambo la vijana wenye hobi, hukumbuka ile trela.

Spana nne

Tulikaa chini ya mwembe tukingoja bushi. Hakukuwa na ya dukani karibu. Fundi alitoa kipande cha tairi kuukuu la lori, akakikata duara kwa kisu kilichonolewa mpaka kikawa chembamba kama jani, akakitoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Mpira ukafuka moshi na kunuka. Alikipima kwenye shimo la chuma, akakitoa, akakata tena unywele mmoja, akakipima tena. Alifanya hivyo mara tano. Mara ya sita kiliingia kwa kugongwa na mpini wa nyundo, kikakaa.

Nilimuuliza kama amewahi kuona Mobius. Alisema ameliona mara moja tu, lilipita lami likielekea Lamu, akalifuata kwa macho mpaka likapotea. Hakuwahi kulifungua. Nikamuuliza, kama wahandisi wa Nairobi wangekuja kukaa naye hapa chini ya mwembe kabla hawajachora gari jipya, angewaambia nini. Nilitarajia aseme juu ya difu, au injini, au bei.

Hakujibu mara moja. Alikung'uta kigunia chake juu ya nyasi. Vikaanguka bisibisi, koleo, waya, kipande cha sabuni na spana nne zilizong'aa kwa kushikwa: namba 10, 12, 14 na 17. Akazipanga moja moja kwa ukubwa. Akasema Probox nzima, karibu yote, inafunguka kwa hizi. Ndiyo maana dereva akikwama Ozi au Tarasaa au popote, haulizi fundi yuko wapi, kwa sababu kila nyumba yenye pikipiki ina spana hizi. Basi hilo gari lao, alisema, walitengeneze wapendavyo, wenyewe ndio waliosoma. Ila boliti zake ziwe za hizi nne.

Kisha akachukua ile ya 14, akajilaza tena chali kwenye maji, akarudi chini ya gari.